Mwaka Nafula Aliponisindikiza Fizikia

"Umekuja na nani?"

Hilo ndilo swali nililopokewa nalo Chekalini, hata kabla sijapewa kiti. Aliyeuliza ni mama mkwe wa Nafula, mwanamke mwembamba aliyejifunga leso mbili kiunoni, amesimama kwenye lango la boma kama mtu aliyeamua kwamba siku hiyo hatalala wala kulia mpaka wageni wote wawe wamekula. Nikamwambia nimekuja peke yangu. "Peke yako?" akasema, akanitazama kuanzia viatu vyangu vya mjini mpaka kichwani. "Matanga mtu hajanga peke yake, mwanangu. Kalibu. Kaa na hawa watu wa kwao Nafula, wa Malava, usikae kama mpita njia." Nikaketi kwenye benchi chini ya turubai, kati ya wanawake nisiowafahamu, jeneza la rafiki yangu mbele yangu likiwa wazi upande wa juu. Nilikuwa nimejiandaa kumwona Nafula amelala pale. Njia nzima nilikuwa nimejikaza kisabuni. Kumbe kilichokuja kunivunja ni lile swali, kwa sababu niliwahi kuulizwa hilohilo zamani, nikiwa msichana wa kidato cha pili, na Nafula ndiye aliyenipatia jibu.

Shule yetu ilikuwa ya kutwa, upande wa Malinya, Kakamega, majengo mawili ya matofali na moja la mbao, na darasa moja tu kwa kila kidato. Watu waliosoma shule kubwa za mjini hawaelewi maana ya jambo hilo. Wao waliulizwa wanataka kusoma nini. Sisi tuliambiwa kilichopo. Katika chumba cha walimu palikuwa na ubao mweusi ambapo ratiba ya shule nzima iliandikwa kwa chaki, na mwisho wa kidato cha pili tulipelekwa pale darasa zima tukasimama mbele yake tuchague masomo ya miaka miwili iliyobaki. Masomo ya lazima hayakuwa na maneno. Yaliyobaki yalipangwa mawili mawili, moja likikabiliana na jingine katika saa ileile, kwa hiyo ukichukua hili umelipoteza lile. Historia ilikabiliana na Jiografia. Kilimo kilikabiliana na Biashara. Na Fizikia ilikabiliana na Sayansi Kimu, yaani mapishi, ushonaji na malezi. Hakuna sheria iliyosema wavulana waende huku na wasichana kule. Ila tangu shule ifunguliwe, ilipofika saa hiyo kengele ililia, wavulana waliondoka kwa mlango wa mbele na wasichana kwa mlango wa nyuma, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

Mimi nilitaka Fizikia. Wakati ule karibu na kwetu watu walikuwa wakichimba dhahabu kwa mikono, mashimo marefu membamba yaliyojaa maji kila mvua iliponyesha, na mvua ya Kakamega haihitaji kubembelezwa. Wanaume walikuwa wakiyatoa maji yale kwa ndoo na kamba kutwa nzima, na asubuhi yakawa yamerudi. Siku moja akaja mtu na pampu. Akaiwasha, bomba likatikisika, na maji yakapanda kutoka chini gizani yakamwagika kwenye nyasi karibu na miguu yangu. Nilimuuliza yule fundi maji yanapandaje mlima. Akacheka, akasema, "Hiyo ni mambo ya Fizikia, muulize mwalimu wako." Sikucheka. Nilikuwa nimeshikwa. Nilianza kuuliza walimu, na mmoja akaniambia waziwazi kwamba anayetaka uhandisi wa maji lazima awe na Fizikia, Kemia na Biolojia zote, pamoja na Hesabu nzuri, na kwamba chuo hakitasikiliza habari ya shule yangu kuwa ndogo. Basi niliupanga mzigo wangu nikiwa na akili hiyo. Sayansi zote tatu, Jiografia, Kilimo. Hakuna mtu katika shule ile aliyewahi kubeba mzigo kama huo, mvulana wala msichana. Nikaupeleka kwa mwalimu mkuu nikiwa nimeinua kidevu.

Ofisi yake ilinukia mafuta ya taa na ndizi mbivu. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye mazoea ya kufuta miwani kwa ncha ya tai yake. Aliyasoma masomo yangu, akavua miwani, akaifuta.

"Imali, hapa umekosea. Umeandika Fizikia."

"Sijakosea, mwalimu."

"Kuna msichana mwingine ameandika?"

"Sijui, mwalimu."

"Mimi najua. Hakuna." Akavaa miwani tena. "Sikiliza. Hiyo Fizikia inasomewa kwenye stoo ya majembe. Chumba hakina dirisha la maana. Msichana mmoja, ndani na wavulana wale wote, mchana wa mvua. Mzazi wako akiniuliza siku moja, nitamwambia nini?"

"Mwambie nilikuwa nasoma."

Nilisema hivyo kwa ukali ambao leo ningemchapa mtoto kwa ajili yake. Yeye hakukasirika, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayemhurumia mwenzake, "Ukija darasani umekuja na nani? Hilo tu ndilo nauliza. Tafuta mwenzako. Mkiwa wawili, nitaandika. Ukikosa, utaenda Sayansi Kimu na wenzako, na hautakufa." Nimefikiri sana juu ya mtu huyu katika miaka yote iliyopita. Kwa muda mrefu nilimchukia. Sasa najua alikuwa na mabinti, na aliogopa kitu cha kweli, ila dawa aliyoiona ilikuwa kumfungia msichana mlango badala ya kuwafunza wavulana adabu. Hasira yangu juu yake imepoa, haijaisha.

Alinipa mpaka shule ifungwe. Nikaanza kuwaendea wasichana mmoja mmoja, kwenye foleni ya maji, chooni, chini ya mikaratusi tulipokuwa tukila nyoyo zetu za mchana, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja. Walinicheka mpaka wakachoka. "Wewe Imali umerogwa," mmoja aliniambia. "Alhamisi sisi tunakulanga chapati kwa Madam Rispa. Wewe unataka twende tukale waya?" Walivunjika mbavu. Na walikuwa na haki yao. Katika shule ile ya nyoyo kila siku ya Mungu, kipindi cha mapishi ndicho kilikuwa nafasi pekee ya kula kitu kilichopikwa kwa mafuta. Chumba cha Madam Rispa kilikuwa ndicho chumba kizuri kuliko vyote shuleni, chenye mapazia yaliyoshonwa na wasichana, meza iliyopigwa msasa mpaka ikawa nyeupe, majiko ya makaa mawili na jiko moja la gesi ambalo halikuwahi kuwa na gesi lakini lilifutwa vumbi kila siku kwa heshima. Nani angekiacha chumba hicho aende stoo ya majembe? Nilikaribia kufa moyo.

Nafula sikumuuliza. Yeye alikuwa rafiki yangu wa karibu kuliko wote, ametoka kwao Malava akaishi kwa shangazi yake ili asome, na hakuna mtu katika shule ile aliyelipenda jiko kama yeye. Akipita kando ya nyumba ya mtu aliweza kukuambia wanapika nini na wamekosea wapi. "Hii mboga wameifunika mapema," angesema, akaendelea na safari. Ndoto yake ilikuwa hoteli, si hoteli ya watalii, bali hoteli ya kando ya barabara yenye supu na chapati na benchi safi, na Madam Rispa alikuwa amemwambia kwamba ana mkono wa kupika. Kumwomba mtu kama huyo aache Sayansi Kimu ingekuwa dharau. Kwa hiyo nilinyamaza, na kila jioni tuliendelea na upuuzi wetu wa njiani.

Upuuzi huo lazima niueleze. Kwetu mgeni haachwi aondoke peke yake. Unamtoa nyumbani, unatembea naye mpaka mahali panapofaa, penye daraja au mwisho wa shamba, mnaagana, wewe unarudi. Hiyo ni heshima ya kawaida. Sisi wawili tulikuwa tumeitia wazimu. Nilikuwa nikimsindikiza Nafula mpaka kwa shangazi yake, naye akasema hawezi kuniacha nirudi peke yangu, akanisindikiza mpaka kwenye kijito chenye daraja la ubao. Pale nami nikasema, sasa wewe utarudi na nani? Nikamrudisha. Naye akanirudisha. Shangazi yake, mwanamke wa sauti kubwa, alikuwa akisimama kwenye shamba lake la mtama akipiga kelele: "Nyinyi wasichana! Mnatembeanga hii njia mkienda mkirudi kama watu wamepoteza kitu! Mmepoteza nini?" Nasi tukajibu kwa pamoja, kila siku, "Hatujapoteza kitu, shangazi, tunasindikizana tu!" Tukacheka mpaka tukaishiwa nguvu.

Ilikuwa katika kwenda na kurudi huko, siku chache kabla ya shule kufungwa, ndipo Nafula aliposimama katikati ya ubao wa daraja na kusema, "Mwambie hedimasta aandike jina langu." Nikamuuliza jina lake liandikwe wapi. "Kwa hiyo Fizikia yako. Si anataka wawili?" Nilimkodolea macho. Nilimuuliza kama anaipenda Fizikia. Akainama akaokota kokoto, akaiangusha majini, akasema, "Nitaipenda nikifika." Nilikuwa na umri wa kuamini unachotaka kuamini. Nilimkumbatia pale juu ya ubao, nusura tuanguke sote.

Hivyo ndivyo tulivyotoka kwa mlango wa mbele, mwaka uliofuata, siku ya kwanza ya kidato cha tatu, wasichana wawili nyuma ya wavulana. Stoo ya majembe ilikuwa ya mbao na mabati. Ukutani yalining'inia majembe, sururu na mapanga ya somo la Kilimo, na kwenye kona magunia ya mbolea yaliyotufanya tupige chafya wiki nzima ya kwanza. Vifaa vya Fizikia vyote vilikaa katika sanduku moja la chai. Mwalimu Ambani, kijana aliyetoka chuoni si zamani, alitupokea bila hotuba. Alitazama, akasema, "Wawili? Vizuri. Hamieni mbele, huko nyuma kunavuja." Hayo tu. Kipindi kilikuwa cha mchana, na mchana Kakamega ni wa mvua. Ilipoanza kupiga mabati hatukuweza kusikia hata tukipigiana kelele sikioni. Mwalimu Ambani aliweka utaratibu wake: mvua ikianza, yeye alinyamaza, akageukia ubao na kuendelea kuandika, nasi tukaendelea kunakili, na aliyetaka kuuliza alikwenda mbele akaandika swali lake kwa chaki chini ya maandishi yake, naye akajibu kwa chaki. Nusu ya Fizikia ninayoijua nilifunzwa kimya. Mpaka leo mvua ikipiga bati, mkono wangu unatafuta kalamu.

Nilikuwa na furaha ambayo sijui nifananishe na nini. Vitu vilivyokuwa vikitokea tu, sasa vilikuwa na sababu. Niliporudi nyumbani nilieleza sufuria, mizani ya dukani, taa ya kandili, mpaka watu wakaniomba ninyamaze. Nafula alisikiliza yote. Alinakili kwa mwandiko wake mzuri, alishika upande wa pili wa waya pale nilipohitaji mtu wa kushika, alipata alama za katikati kwa sababu hakuwa mjinga wa kitu chochote. Alhamisi harufu ya chapati ilipotoka chumba cha Madam Rispa ikapita uwanjani na kuingia stoo, wavulana walipiga meza kwa njaa. Nafula aliinua uso, akavuta pumzi mara moja, na akasema kimyakimya, "Wameweka chumvi kidogo." Kisha akarudi kwenye daftari. Mimi nilicheka. Nilidhani ni mzaha.

Katika muhula wa pili ulifika msimu wa mapigano ya fahali. Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa, lakini asiyejua na ajue kwamba fahali wa mtu akipelekwa uwanjani hapelekwi kama anayekwenda kunywa maji. Anapelekwa na ngoma za isukuti, filimbi, matawi na umati unaokimbia, na hakuna mvulana wa Malinya aliyezaliwa ambaye atakaa darasani umati huo ukipita. Kwa kawaida hupigana asubuhi mapema, lakini siku hiyo palikuwa na matanga ya mzee mkubwa na fahali alikuwa akipelekwa huko mchana. Tulisikia isukuti ikitoka mbali. Mwalimu Ambani aliacha kuandika. Alikuwa yeye mwenyewe mtu wa kijiji jirani, na niliona kidole chake kikipiga ubao kwa mdundo ule bila yeye kujua. Ngoma zilipofika kwenye ua wa shule, mvulana wa kwanza aliruka kidirishani, wa pili akafuata, na kufumba na kufumbua stoo ilikuwa na majembe, mwalimu na sisi wawili. Mwalimu Ambani aliangalia mlango kwa muda. Kisha akavuta kiti, akaketi mbele yetu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Basi leo tuongee," akasema. "Imali najua anakwenda wapi. Wewe Nafula, Fizikia unaitaka ya nini?"

Nafula alikuwa na ubaya mmoja: hakujua kudanganya akiulizwa ana kwa ana. Akafunga daftari lake. "Siitaki, mwalimu."

"Huitaki?"

"Mimi nimemsindikiza Imali. Hedimasta alisema akiwa peke yake hataingia."

Ngoma zilikuwa zinaendelea kwenda mbali. Nikasema, "Uliniambia utaipenda," na sauti yangu ikatoka ya kitoto. Nafula hakunigeukia. "Nimejaribu," akasema. "Si mbaya. Lakini si yangu." Mwalimu Ambani alikuwa na uwezo wa kumaliza jambo lote siku ileile kwa kutembea mpaka ofisini. Nilimwona akilipima. Mwisho akasema, taratibu, "Majina ya mtihani yanapelekwa mwanzo wa kidato cha nne. Mpaka hapo, anayekaa darasani kwangu ni mwanafunzi wangu. Lakini Nafula, mtu hasindikizwi mpaka kitandani. Nenda ukamwone Madam Rispa." Kisha akasimama, akageukia ubao, na akatufundisha kipindi kizima kilichobaki, sisi wawili, kama vile tulikuwa darasa lililojaa.

Jioni ile hatukusindikizana. Nilikwenda zangu nyumbani nikilia kwa hasira. Nilimkasirikia kwa kunificha. Nilijiona kama mtu aliyebebwa mgongoni huku akidhani anatembea. Na chini ya hayo yote nilikuwa na hofu, nitakiri, hofu tupu: akirudi kwa Madam Rispa, mimi nimefungiwa nje. Kesho yake alinisubiri kwenye ubao wa daraja kama kawaida. Alisema, "Leo kuna jaribio la vioo. Umesoma?" Tukaenda.

Tangu siku hiyo Nafula alianza kupotea wakati wa chakula cha mchana. Sufuria la nyoyo lilipotolewa, yeye hakuwa kwenye foleni, na nilipomuuliza alisema ana kazi. Siku moja nilimbebea sahani yake nikamtafuta. Mlango wa chumba cha Sayansi Kimu ulikuwa umerudishwa, na pazia la njano limefungwa, lakini dirisha lilikuwa wazi kidogo kwa ajili ya moshi. Nilisikia kisu kikikata vitunguu, kwanza haraka, kisha sauti ya Madam Rispa ikisema, "Polepole, usikimbizane na mtu." Madam Rispa alikuwa mwanamke wa maneno machache, mjane, aliyevaa sweta hata wakati wa jua. Kumbe saa ya chakula chake alikuwa akimfundisha Nafula kila kitu ambacho wenzake walikuwa wakisoma tukiwa stoo.

"Na huyo mwenzako anajua uko hapa?"

"Hajui, Madam. Akijua atasema niache yake nirudi huku. Yeye ni mkali lakini ana huruma."

"Na mwaka ujao? Ataingia na nani?"

Kisu kikasimama. "Ataingia peke yake. Yeye ameshazoea, Madam. Hata wavulana wameshazoea. Ni hedimasta peke yake ndiye hajazoea, na yeye nimemwachia mwaka mzima azoee."

Madam Rispa alicheka, mara ya kwanza na ya mwisho nilipowahi kumsikia akicheka. Niliiweka sahani ya nyoyo chini ya dirisha, nikaifunika kwa daftari langu ili kuku wasiile, nikaondoka. Nilikwenda nyuma ya mikaratusi nikakaa. Nilimpenda Nafula siku ile kwa namna ambayo sikuwahi kumwambia, kwa sababu kumwambia kungekuwa kumwonyesha kwamba nilisikia. Jioni alinirudishia daftari langu. Lilikuwa na doa la nyoyo juu ya jalada. Ninalo mpaka sasa, na doa lake.

Siku ya kwanza ya kidato cha nne kengele ya mchana ililia. Nafula alisimama pamoja nami, akatembea nami kwa mlango wa mbele, akavuka uwanja nami mpaka hatua ya kizingiti cha stoo. Pale akasimama. "Nimekufikisha," akasema. "Mimi nirudi sasa." Akarudi kwa Madam Rispa akikimbia, sketi ikipepea, kama mtu aliyechelewa karamu. Mimi nikaingia, nikaketi mbele, pahali pasipovuja. Hatukuwa tumemaliza hata kunakili tarehe pale mwalimu mkuu alipojaza mlango.

"Imali. Mwenzako yuko wapi?"

Nikasimama. "Amerudi, mwalimu. Amenifikisha."

Alitazama darasa lile. Nadhani alikuwa akitafuta kile kitu alichokiogopa, na alichoona ni wavulana wenye usingizi wa mchana, mmoja wao ameazima rula yangu na anapiga nayo mstari. Mwalimu Ambani hakumtetea mtu. Alibaki na chaki mkononi akisubiri. Kisha yule mvulana mwenye rula akasema bila kuinua kichwa, "Mwalimu, yeye ndiye anatuelezeanga mvua ikiisha." Mwalimu mkuu akavua miwani, akaifuta kwa tai. "Basi endeleeni," akasema, na akaondoka. Mwaka uliofuata wetu waliingia wasichana watano kwa mlango ule, nami sikuwapo kuwaona. Mimi nikaja kuwa mhandisi wa maji, baada ya safari ndefu ambayo si ya ukurasa huu. Nafula alipata alama ya juu kabisa ya Sayansi Kimu katika shule yetu, akaolewa Lugari, na akafungua hoteli yake kituoni Chekalini, supu na chapati na benchi safi. Nilikula pale mara nyingi. Kila mara alinitoa mpaka barabarani, hata wateja wakiwa wamejaa.

Alizikwa alasiri, nyuma ya nyumba, pembeni mwa mahindi. Watu waliposimama kula, binti yake Neema, msichana wa sekondari mwenye mabega ya mama yake, aliniletea sahani ya obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku, akaketi kando yangu. "Auntie, ni kweli mama alisomanga Fizikia?" Nikamuuliza nani kamwambia. "Yeye. Stima ikipotea hotelini alikuwa anatengeneza fyuzi mwenyewe. Alikuwa anasema alijifunzia kwa stoo ya majembe, lakini sisi tulidhani ni utani." Nikamwambia si utani. Nikamweleza, si yote, kiasi ambacho mtoto aliyemzika mama yake anaweza kubeba. Alisikiliza huku akiniondolea mifupa kwenye sahani.

Jua lilipoanza kulala nikaaga. Neema akasema atanitoa. Tulitembea katikati ya mahindi mabichi mpaka mwisho wa shamba, kwenye mtaro unaovukwa kwa ubao kuingia barabarani. Pale akasimama, akanipa mkono kwa adabu, na akasema, "Auntie, mimi nirudi sasa." Nikavuka ubao. Nikamtazama akirudi, mtoto peke yake kwenye njia ile, kichwa chini, na mwisho wa njia hakuna mama. Sikuweza.

"Neema! Ngoja. Nitakusindikiza."

"Lakini auntie, mimi ndiye nimekusindikiza wewe."

"Najua."

Nikavuka tena ubao, nikamshika mkono, tukarudi. Tulipotokeza kutoka kwenye mahindi, mama mkwe wa Nafula alikuwa bado kwenye lango na leso zake mbili. Alituona mimi na Neema tukirudi tulikotoka sasa hivi, akakunja uso kwa mshangao, akapaza sauti:

"Mbona mmerudi? Mmepoteza nini?"

Nikafungua kinywa nimjibu kwamba hatujapoteza kitu, tunasindikizana tu, na maneno hayakutoka.